Singer ya mkono, Butterfly ya mtumba au ya umeme kutoka Japani? Anza na bobini

Jumamosi moja mdogo wangu, binti wa mama mdogo, alinipigia simu kutoka Mchikichini, pale Karume. Alikuwa amesimama mbele ya turubai lenye cherehani tatu. "Dada, zote zinazunguka. Nichukue ipi?" Nikamwambia asitoe hata shilingi mpaka nifike, na asimwonyeshe muuzaji kwamba ameipenda moja. La pili alishachelewa. Nilimkuta ameshika gurudumu la Singer nyeusi kama mtu aliyeshika mkono wa mchumba.

Pale chini palikuwa na Singer ya mkono yenye maua ya dhahabu, kichwa cha Butterfly kisicho na stendi, na ya umeme nyeupe yenye maandishi ya Kijapani. Kwenye ndoo ya pembeni mzee alikuwa amechanganya vifungo, zipu, mikasi na makopo ya uzi. Nitazilinganisha zote, kwa sababu ukizunguka masoko yetu ya vitu vilivyotumika, iwe Karume, Tandika, Gikomba au Kongowea, ni hizo hizo tatu utakazokutana nazo.

Wengi huchagua kwa jina lililoandikwa ubavuni. Mimi huanza na bobini, kile kidude kidogo kinachobeba uzi wa chini. Cherehani ya chuma inaweza kukuzika wewe na mwanao akaendelea kuishonea, lakini sindano haimalizi wiki kwenye jinzi, bobini zinapotea, na kesi ya bobini, kile kikopo inamokaa, ikianguka mara moja sakafuni ikapinda, kazi imesimama. Kwa hiyo swali langu ni hili: saa kumi na moja jioni, mteja anasubiri gauni la harusi, ninaweza kutuma mtoto duka la vifaa vya ushonaji akarudi na hicho kidude? Kama jibu ni hapana, hiyo cherehani ni pambo.

Singer: kwanza ujue ni ipi

Kosa la mdogo wangu lilikuwa kudhani Singer ni cherehani moja. Kampuni ilianza Marekani mwaka 1851, na kwa miaka mingi mashine nyingi zilizofika kwetu zilitoka kiwanda cha Clydebank, Scotland, kilichofunguliwa 1885 na kufungwa 1980. Katika muda huo wote walitengeneza aina nyingi, na kwa nje zinafanana: nyeusi, maua ya dhahabu, kibao cha shaba shingoni. Tofauti iko chini ya sindano, na ndiko unakotakiwa kuangalia.

Vuta vile vibati vya kuteleza vinavyofunika eneo la sindano. Ukikuta vibati viwili virefu, kimoja mbele na kimoja nyuma, na ndani kuna kitu kimechongoka kama mtumbwi kinachokwenda na kurudi, hiyo ni jamii ya 27, 28, 127 au 128. Bobini yake si duara. Ni kijiti chembamba chenye visahani viwili nchani. Sindano si shida, inatumia ileile ya kawaida yenye shina bapa upande mmoja. Shida ni mtumbwi na vijiti vyake. Mzee alikuwa na kijiti kimoja tu, ndani ya mashine. Mimi nilishawahi kuzunguka Kariakoo asubuhi hadi adhuhuri natafuta vijiti vya mama mmoja wa Mtoni, nikarudi na jasho.

Ukikuta kibati kimoja, na bobini ya duara imelala chali ukiiona kwa juu, hiyo ni jamii ya 66, au mdogo wake 99. Hizi ni tamu kushonea, na 99 ni nyepesi kidogo kubeba. Bobini zake zinaitwa za 66 na zimevimba kidogo ubavuni. Mkononi zinafanana sana na zile za kawaida, na hapo ndipo watu hulizwa: muuzaji anakupa bobini ya kawaida, inaingia kwa shida, uzi unakwama, unadhani mashine ni mbovu. Ipo pia 201, ambayo haina ujanja wa mikanda ndani, ni gia tupu, na mafundi wengi wanaiona ndiyo bora kuliko zote. Nayo inakula bobini za 66. Ukiipata ikiwa nzima na bobini zake, usiulize ndugu yako, nunua.

Ukikuta bobini imesimama wima ndani ya kesi yake ya chuma, na unaitolea upande wa kushoto chini ya kichwa, hongera, hiyo ni jamii ya 15. Sindano zake, bobini zake na kesi zake ndizo zile zile zinazoning'inia kwenye kila duka la fundi. Sababu nitaitaja kwenye Butterfly.

Mara moja moja utaona ya kale zaidi, ambayo kitako chake kimekatwa kiuno kama gambusi. Nzuri kweli. Inatumia sindano ya aina yake peke yake ambayo kwetu huipati. Kaweke sebuleni.

Umri unausoma kwenye namba iliyogongwa kwenye chuma, upande wa kulia wa kitako. Namba tupu isiyo na herufi ni ya kabla ya 1900. Ikianza na F, Y, au herufi mbili za E kama EC na EF, imetoka Clydebank. Ile K unayoiona kwenye 99K au 201K ni ya Kilbowie, jina la eneo la kiwanda hicho. Namba iliyochapwa kwenye stika peke yake mimi siiamini. Nimeshaona kichwa cha Kichina kimebandikwa maua ya Singer, kikiuzwa kwa bei ya Mwingereza.

Kisha angalia rangi. Pale mbele ya sindano, mahali mkono wa fundi unapolala, kama maua yamefutika kabisa na chuma kinang'aa, hiyo imeshafanya kazi ya vizazi. Si kosa, ila ujue unanunua mzee. Kama maua ni mazima lakini gurudumu halizunguki, usikimbie. Mara nyingi si kutu. Ni mafuta ya zamani yaliyoganda ndani kama gundi. Mafuta ya taa, kitambaa, siku mbili tatu za subira, halafu mafuta ya cherehani, inaamka. Hapo ndipo pa kushushia bei, maana muuzaji anaiona imekufa na wewe unajua imelala.

Lingine ambalo lazima niliseme, maana bado linasumbua watu. Mwezi wa nne mwaka 2009 kule Saudi Arabia ulizuka uvumi kwamba Singer za zamani zina zebaki nyekundu ndani ya sindano, na watu wakazinunua kwa maelfu ya riyali mpaka polisi wakaingilia. Hakuna zebaki yoyote. Kuna chuma, mafuta na vumbi la pamba. Muuzaji akikunong'oneza neno hilo, au akikwambia kuna Mwarabu anaitafuta, mwache na mali yake.

Na stendi. Ile miguu ya chuma yenye neno SINGER katikati siku hizi inatafutwa na wenye hoteli na migahawa wanaogeuza kuwa meza. Kwa hiyo unaweza kukuta stendi inauzwa ghali kuliko kichwa. Kama unataka kushona, usilipie urembo wa watu wa hoteli. Stendi ya Kichina itakanyaga vilevile.

Butterfly: haina hadithi, ina vipuri

Butterfly ya Shanghai haimfurahishi mtu anayependa vitu vya kale. Lakini ikae kando ya Singer ya 15 uone: ni mwili mmoja. Muundo wa jamii ya 15 una mizizi kwenye Singer ya 1879, na baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wajapani waliunakili kwa wingi, Wachina nao wakafanya hivyo hivyo. Ndiyo maana sindano, bobini, kesi, kibati cha sindano, hata springi ya tensheni inayokaza uzi, unavipata kila kona na fundi wa mtaani anavibadilisha amefumba macho.

Ubaya wake ni kwamba haziko sawa. Moja ni nzito, laini, inashona kimyakimya. Nyingine inalia kama mashine ya kusaga. Kwa Singer naangalia aina, kwa Butterfly naangalia ile iliyoko mbele yangu. Shika nguzo ya sindano uitikise mbele na nyuma. Ikicheza sana, itaruka mshono kwenye kitambaa kigumu. Pitisha ukucha kwenye lile tundu la kibati linakopita sindano. Likiwa na michubuko, itakata uzi, lakini hicho kibati ni rahisi kubadilisha, kwa hiyo punguza bei tu. Angalia yale meno yanayosukuma kitambaa. Yakiwa yamelika hadi kuwa butu, kitenge chepesi kitakuwa kinasimama.

Halafu mguu, ule unaokandamiza kitambaa chini ya sindano. Singer nyingi za zamani na Butterfly zina shina fupi la mguu linalofungwa skrubu kwa pembeni. Maana yake miguu ya ziada ya Singer, ile ya kupindia, ya kukunjia, ya kuweka marinda, inaingia kwenye Butterfly. Zipo chache zinazofungwa skrubu kwa nyuma, hizo hapana. Kumbuka jambo hili, nitalirudia.

Ya miguu au ya mkono? Ya mkono inakula mkono mmoja, kwa hiyo mtu anayeanza anatatizika kuongoza kitambaa. Kwa zipu na kola inakuwa nzuri kwa sababu unakwenda tundu moja moja. Kwa sare za shule kumi na mbili, utazimia. Ukinunua kichwa, hakikisha gurudumu lina mfereji wa mkanda ili siku yoyote ukiweke kwenye stendi.

Ya umeme: soma kibandiko kwanza

Ile nyeupe ya Kijapani ilikuwa inapiga zigzagi na tundu la kifungo, vitu ambavyo zile nyeusi mbili hazivijui. Mdogo wangu alipoona hivyo macho yakamtoka.

Nikaipindua ile mashine, nikamwonyesha kibandiko: volti 100. Umeme wa Japani ni volti 100. Wetu Tanzania ni 230, Kenya nao 240. Ukiichomeka moja kwa moja ukutani, utasikia harufu kabla hujashona pindo. Inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na hiyo ni gharama nyingine, na siku shemeji yako akiichomeka bila transfoma ndiyo kwaheri. Zilizotoka Marekani nazo ni 110 hadi 120. Zilizotoka Uingereza na Ulaya hazina tatizo hilo, na kama unataka ya umeme ya mtumba, tafuta hizo.

Usinunue ya umeme isiyo na kanyagio lake. "Utalipata tu" ni maneno ya muuzaji. Kila kampuni ina plagi yake. Nusa kanyagio: harufu ya kuungua au mashine inayokimbia yenyewe bila kuguswa ni ugonjwa. Kisha kuna gia. Kuanzia miaka ya 1970 mashine nyingi za nyumbani ziliwekwa gia za plastiki, na plastiki hiyo ikizeeka inapasuka. Zungusha gurudumu kwa mkono polepole, ukiwa umeweka zigzagi. Ikikwama sehemu ile ile kila mzunguko, gia imekatika jino. Fundi wa Butterfly hataweza kukusaidia hapo.

Kwa mtu anayeshonea nyumbani, anayerekebisha nguo za watoto na ana umeme wa uhakika, ya Ulaya yenye mwili wa chuma ni chaguo zuri sana. Kwa kibanda cha mtaani ambako LUKU inaisha katikati ya suruali, miguu yako haihitaji tokeni.

Zile kubwa za kiwandani, kama Juki, sizungumzii leo. Zina kasi, zina mota yake na meza yake, zina sindano yenye shina la duara ambayo haiingiliani na hizi. Ukifika huko hutahitaji ushauri wangu wa sokoni.

Ndoo ya mzee

Vitu vidogo ndivyo ninavyovipenda, na hapa cha kale mara nyingi kinashinda kipya, ila si vyote.

Zipu za chuma zilizofumuliwa kwenye jinzi za mtumba huwa bora kuliko nailoni nyingi mpya za bei ya chini. Kinachokufa kwanza ni kile kichwa kinachotelezeshwa, siyo meno. Kifunge, kisha vuta pande mbili kwa nguvu kidogo. Ikifunguka nyuma ya kichwa, kimelegea. Ikiwa ngumu tu, ipake risasi ya penseli au mshumaa. Angalia utepe wake wa kitambaa: kama mfumuaji alikata badala ya kufumua, hautabaki na pa kushonea.

Uzi ni kinyume. Uzi wa pamba kwenye kibiringo cha mbao unapendeza kupiga picha, lakini pamba inachoka. Chukua kipande, kivute kwa mikono miwili. Ukikatika kama nywele, bila kupambana, uache. Utakukatikia kila hatua tano halafu utailaumu cherehani. Nunua uzi mpya wa poliesta. Lastiki ya zamani usiiguse hata ukipewa bure.

Vifungo: tafuta vilivyo seti. Shati linahitaji saba au zaidi, na kopo zima linaweza kuwa na viwili viwili tu. Vya gamba la chaza unavitambua kwa kuviweka mdomoni: ni baridi, na vizito kuliko plastiki. Mgongoni mara nyingi utaona doa la rangi ya gamba lenyewe. Sisi wa pwani tuna haki navyo.

Mkasi wa chuma wa zamani, ule wa kunolewa, ni bora mara mia kuliko wenye mpini wa plastiki ambao ukibutuka ndiyo basi. Ufungue, uangalie kama ncha zinakutana, kisha kata ukingo wa kipande cha khanga kwa ncha tu. Ukitafuna, unahitaji kunolewa. Ukilegea kwenye msumari wa katikati na hauna skrubu, uache. Kastabani za chuma nazo huwa humo ndooni. Za zamani ni nzito na vishimo vyake ni virefu, sindano haitelezi. Mwenye kushona kofia kwa mkono ananielewa.

Nilichobeba, na tulichonunua

Siendi soko hilo mikono mitupu. Kwenye pochi nina sindano mpya namba 14, uzi wa poliesta, bobini ya kawaida na ya 66, bisibisi, vipande viwili vya kitambaa, kimoja kitenge na kingine jinzi iliyokunjwa mara mbili, na chupa ndogo ya mafuta ya cherehani. Sindano ya muuzaji siishonei kamwe. Nusu ya cherehani "mbovu" ni sindano iliyopinda au iliyogeuzwa. Upande wake bapa lazima uangalie kule kinakopita kile kinachobeba uzi wa chini, na uzi uingilie upande wenye mfereji mrefu. Ukishajua hilo, unaweza kuwasha mashine ambayo watu kumi wameiacha.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Hii ya Mwingereza haifi hii."

"Naona, mzee. Vijiti vyake viko wapi?"

Akacheka. Hakuwa navyo. Tukaijaribu hata hivyo, na mshono wake ulikuwa mzuri kuliko wa zote, umenyooka kama mstari wa rula. Mdogo wangu akaniangalia kwa uchungu.

Butterfly ilianza kwa kuruka kwenye jinzi. Nikabadilisha sindano, nikalegeza tensheni nusu mzunguko, ikatulia. Nguzo haichezi. Kibati kina michubuko, nikamwonyesha mzee, akapunguza. Kanuni yangu kwa mtumba ni isizidi nusu ya bei ya Butterfly mpya dukani, na kichwa bila stendi kishuke tena chini ya hapo. Tulifika.

Kisha nikauliza lile kopo la bati lililokuwa linalia chini ya Singer. Ndani mlikuwa na miguu saba: wa kupindia nyembamba, wa kupindia nene, wa kukunjia utepe, wa marinda wenye yale mameno yake, na mingine. Skrubu pembeni, shina fupi. Mzee alidhani bila Singer ni takataka, akatuuzia kwa bei ya chai mbili. Tulipofika nyumbani niliufunga ule wa marinda kwenye Butterfly, nikautilia mafuta, mdogo wangu akazungusha gurudumu kwa mkono, na ukingo wa kitenge ukaanza kutoka upande wa pili umekunjwa kama sketi ya mtoto wa shule.

Bado anataka ile nyeusi. Nimemwambia akipata vijiti vinne, anipigie.